Ukuta wa Hess Deep: kusoma ganda changa la bahari bila kudanganywa na kifusi

Chini ya Pasifiki, nyuzi 2 na robo hivi kaskazini ya ikweta na nyuzi 101 na nusu magharibi, sakafu ya bahari imechanika. Sakafu ya jirani iko kwenye kina cha mita 3,000 hivi. Ndani ya mpasuko kina kinafika mita 5,400. Mahali hapa panaitwa Hess Deep. Tofauti hiyo ya zaidi ya kilomita 2 ndiyo iliyowafanya wanajiolojia wapang'ang'anie tangu 1988: kuta za mpasuko zinaonyesha tumbo la ganda la bahari, yaani tabaka la mwamba lililo chini ya sakafu ya bahari, ambalo kwa kawaida limefunikwa na lava, na juu ya lava mashapo.

Ukisikia "ukuta", ni rahisi kufikiria ukingo wa barabara iliyochongwa mlimani: unaanza juu, unashuka, unaandika tabaka moja baada ya jingine. Ingekuwa hivyo, kisa hiki kingefungwa mapema. Ukuta wa Hess Deep ni ngazi ya vipande vilivyoporomoka, kila kipande kimekaa kivyake, na katikati yake kuna kifusi. Ndiyo maana kila tokeo zuri lililopatikana hapa limetegemea swali moja: mwamba huu uko pale ulipozaliwa, au umesogea? Na kama umesogea, ni nini kilichousogeza?

Kwa nini usichimbe tu kutoka juu?

Watu wamejaribu. Kisima 504B, kusini ya Mgongo wa Costa Rica (mgongo ni mstari chini ya bahari ambako ganda jipya huzaliwa), kilianzwa 1979 na kurudiwa safari baada ya safari hadi 1993. Kilifika mita 2,111 chini ya sakafu ya bahari na bado hakikutoka kwenye daiki, mwamba ulioganda ndani ya nyufa wima. Kisima 1256D, kwenye ganda la bamba la Cocos lenye umri wa miaka milioni 15, kiligusa gabro, mwamba ulio chini ya daiki, mwaka 2005 kwenye mita 1,407. Kiliporudiwa 2011 kiliishia mita 1,521. Ganda la bahari lina unene wa kilomita 6 hadi 7. Kwa mwendo huo, robo ya njia imekula miaka na meli.

Mpasuko unafanya kazi hiyo bure. Hess Deep iko karibu na makutano ya mabamba matatu: Pasifiki, Cocos na Nazca. Mgongo wa Pasifiki Mashariki unakwenda karibu kaskazini–kusini na kuzalisha ganda jipya kwa kasi ya sentimita 13 hivi kwa mwaka, nusu upande huu na nusu upande ule. Kutoka mashariki unakuja mgongo mwingine, wa Cocos–Nazca, unaosonga magharibi kama wembe ndani ya ganda hilo jipya. Ncha ya mpasuko wake iko kilomita 30 hivi kutoka kwenye mhimili, yaani mstari wa katikati, wa Mgongo wa Pasifiki Mashariki. Piga hesabu: sentimita 6.5 kwa mwaka ni kilomita 65 kwa miaka milioni 1. Ganda linalochanwa pale kwenye kina kikubwa, mbali zaidi na mhimili kuliko ncha hiyo, lina umri wa takriban miaka milioni 1 tu. Halijafunikwa na mashapo mengi, na halijapata muda wa kuharibiwa na matukio mengine. Ndiyo thamani yake.

Mwelekeo wa mipasuko hii miwili ushike vizuri, maana kila kitu mbele kinautegemea: mgongo uliozaa ganda unakwenda kaskazini–kusini, ufa uliolichana unakwenda mashariki–magharibi. Pembe kati yao inakaribia 90.

Kinachoonekana ukishuka

Nyambizi ya Kifaransa Nautile, inayoweza kufika mita 6,000, ilizamia hapa mwaka 1988. Alvin ya Marekani ilifuata 1990, wakati huo ikiwa na mwisho wa mita 4,000, kwa hiyo ilifanya kazi kwenye ukuta wa kaskazini sehemu za juu. Mwaka 1999 watafiti walirudi wakiwa na Alvin pamoja na vyombo vya kupiga picha na kupima sakafu kwa sona, na 2008 meli ya Uingereza James Cook ilileta roboti Isis inayoongozwa kwa kebo hadi mita 6,500.

Juu kabisa ni lava. Sehemu nyingine ni lava ya mito, mito ya kulalia, si ya maji: basalti iliyotoka kwenye ufa, ikapozwa na maji ya baridi hapo hapo, ikajifunga ngozi ya kioo na kuviringika. Sehemu nyingine ni mitiririko bapa. Unene wa lava unabadilika sana kwa umbali mfupi: mahali fulani mita mia chache, mahali pengine zaidi sana. Hilo peke yake linakuambia kwamba sakafu haikuwa tulivu lava ilipokuwa ikimwagika.

Chini ya lava kuna daiki, yaani magma iliyopanda kwenye nyufa wima na kugandia humo. Kila daiki ni kama ubao wa basalti wenye unene wa mita 1 hivi, na zimebanana ubao kwa ubao bila kitu katikati. Ukisogeza taa karibu unaona kingo zake: pembeni punje ni ndogo, karibu kioo, kwa sababu hapo magma ilikutana na mwamba baridi; katikati punje zinakua. Ukingo wa namna hiyo ukiwa upande mmoja tu, maana yake daiki nyingine ilikuja baadaye ikapita katikati ya ile ya kwanza na kuipasua. Rangi ya daiki nyingi ni ya kijani iliyofifia. Maji ya bahari yalipenya yakiwa moto wa nyuzi mia kadhaa, yakageuza madini ya asili kuwa kloriti na amfiboli.

Chini ya daiki kuna gabro: magma ile ile, lakini iliyopoa taratibu hadi fuwele zinaonekana kwa macho.

Mwamba halisi na mwamba mwizi

Aliyeteremka kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu amewahi kuona ngazi za bonde la ufa: ukingo, kisha jukwaa, kisha ukingo mwingine. Ukuta wa kaskazini wa Hess Deep una tabia hiyo, ila ni mrefu zaidi na hakuna udongo wala majani ya kushika kifusi. Kila jukwaa limejaa mawe yaliyoanguka kutoka juu. Kutoka kwenye dirisha la nyambizi, taa zikimulika mita chache tu mbele, jiwe lenye ukubwa wa nyumba linaweza kuonekana kama ukuta.

Namna ya kupambanua ni hii. Kwanza, mwamba uliosimama mahali pake una mpangilio unaoendelea. Ukiona ukingo wa daiki, ufuate: usogeze chombo juu mita 5, mita 10. Ukiendelea bila kuvunjika, na daiki ya pembeni nayo inaendelea sambamba, una haki ya kuandika kwamba ni mwamba wa mahali pake. Ukikatika kila baada ya mita 2 na kugeuka upande, hicho ni kifusi kilichoshonwa na mashapo. Pili, mkono wa roboti ukivuta jiwe likatoka kirahisi, jiwe hilo lilikuwa limelegea tayari. Sampuli nzuri mara nyingi ni ile inayokataa: unapiga, unatikisa, inavunjika kwenye ufa wa asili. Uso mbichi wa kuvunjika ukiwa upande mmoja na ngozi nyeusi ya manganizi upande mwingine, hapo unajua ilikuwa imeshikana na mwamba mama.

Tatu, na hili huachwa na watu wenye haraka: lebo ya sampuli iandikwe wakati ule ule, mwangalizi akiwa bado anaona. Kina, mwelekeo wa pua ya chombo, na neno moja kati ya matatu: "mahali pake", "labda", "kifusi". Baada ya miezi 6 maabara, ukiangalia picha, kila jiwe litaonekana kama lilikuwa mahali pake, hasa kama kemia yake inakupendeza.

Kupima mwelekeo wa daiki kwa nyambizi kunachosha. Rubani analeta pua mpaka ukingo wa daiki unaonekana kama mstari mmoja mbele yako, si kama uso. Hapo mwelekeo wa pua ndio mwelekeo wa daiki, na mwinamo wake unapimwa kwenye picha, huku nukta mbili za leza zenye umbali unaojulikana zikitoa kipimo. Chombo kikiwa kimekaa nyuzi 10 kando bila mtu kugundua, mwinamo wote unaoandika una kosa.

Daiki zinaegemea upande usiotarajiwa

Picha ya kitabu cha shule inaonyesha lava ikiwa mlalo na daiki zikiwa wima. Ukuta wa kaskazini haukubali. Lava zinainamia magharibi, kuelekea kwenye mhimili wa Mgongo wa Pasifiki Mashariki zilikotoka. Daiki zinainamia mashariki, mbali na mhimili, yaani ukizifuata kwenda chini zinakupeleka mashariki. Pembe kati ya lava na daiki inabaki karibu 90, kana kwamba zote zimeshikwa pamoja na kupinduliwa kama sanduku moja.

Pingamizi la kwanza linakuja lenyewe: huu ni ukuta wa ufa, vipande vimeporomoka, bila shaka vimeinama vikiporomoka. Pingamizi lina nguvu, lakini linaanguka kwa jaribio la jikoni. Chukua mkate wa boflo uliokatwa slesi. Uweke mezani urefu wake ukielekea mashariki–magharibi; kila slesi ni daiki, uso wake umesimama kaskazini–kusini. Sasa uviringishe mkate mzima juu ya urefu wake, kama kipande kinachoporomoka kusini kuingia kwenye shimo. Angalia slesi: zimezunguka, lakini hakuna iliyoegemea mashariki wala magharibi. Bado zimesimama wima. Ili slesi ziegemee mashariki, lazima upinde mkate kwa kushusha upande wake mmoja, wa magharibi au wa mashariki. Kuporomoka kwenda kusini hakuwezi kufanya hivyo.

Kwa hiyo mwinamo wa daiki kuelekea mashariki haukutokana na Hess Deep kufunguka. Ulikuwepo tayari kabla ufa haujafika. Upande wa magharibi, upande wa mhimili, ulikuwa unashuka wakati ganda likizaliwa. Vipande halisi havikuanguka kusini kwa unyoofu kama mkate wangu, na mgongo wenyewe hauelekei kaskazini kamili, kwa hiyo nyuzi chache za hapa na pale zinaweza kulaumiwa kuporomoka. Mwinamo mkubwa unaojirudia daiki baada ya daiki, upande ule ule, hauwezi.

Watu waliozoea usumaku wa kale watauliza: kwa nini msipime sumaku ya mwamba mkaona umezungushwa kiasi gani? Basalti inapopoa inashika mwelekeo wa uga wa sumaku wa dunia, na ukijua mwelekeo huo unaweza kurudisha kipande kilipokuwa. Wazo zuri, ila mahali hapa lina mtego. Karibu na ikweta uga wa sumaku umelala mlalo ukielekea kaskazini. Mhimili wa kuzunguka unaoinamisha daiki mashariki nao ni mlalo na unaelekea karibu kaskazini. Ukizungusha mshale juu ya urefu wake wenyewe, mshale haubadiliki. Sumaku ya Hess Deep karibu haioni mzunguko wa aina hiyo. Inaona vizuri ule mwingine, wa kuporomoka kusini, kwa sababu huo unainua au kushusha ncha ya mshale. Anayesema "sumaku haikuonyesha mzunguko, kwa hiyo daiki hazikuzunguka" amesahau yuko latitudo gani. Pito Deep, kwenye pembe ya kaskazini-mashariki ya bamba dogo la Easter, nyuzi 23 hivi kusini, ni mahali bora kwa kipimo hicho, kwani huko uga umeinama. Ganda la huko lina umri wa miaka milioni 3 hivi, nalo lilitoka kwenye mgongo wa kasi. Kule pia daiki zimeegemea mbali na mhimili na lava zimeinamia kwenye mhimili.

Maelezo yanayobaki ni kwamba ganda huzama huku likijengwa. Lava inamwagika kwenye mhimili. Uzito wake na nafasi inayoachwa na magma iliyo chini vinaishusha. Lava mpya inajaza juu. Kila kitu kinasogea pembeni. Tuseme rundo la lava linanenepa hadi mita 500 kabla halijafika kilomita 2 kutoka kwenye mhimili. Kwa sentimita 6.5 kwa mwaka, kilomita 2 ni kama miaka 31,000. Mita 500 kwa miaka 31,000 ni milimita 16 kwa mwaka. Ni kasi kubwa kwa sakafu ya dunia kushuka, na inatokea chini ya mgongo ambao ukiutazama kwa sona kutoka juu unaonekana umevimba, tulivu, bila bonde. Lava inafuta alama. Bila ukuta kama huu usingejua.

Kisima cha 2012–2013 na mambo yaliyoharibika

Ukuta wa kaskazini ulitoa sehemu ya juu ya ganda. Sehemu ya chini, gabro yenye matabaka, ilijulikana kutoka milima ya Oman, ambako ganda la bahari la zamani lilipandishwa nchi kavu, na kutoka vipande vilivyookotwa na nyambizi. Safari ya 345 ya mpango wa kimataifa wa uchimbaji baharini ilienda kuitafuta, Desemba 2012 hadi Februari 2013, kwa meli JOIDES Resolution. Kituo kiliitwa U1415, maji yakiwa na kina cha mita 4,850 hivi.

Fikiria kifaa chenyewe. Bomba la kuchimbia lenye kipenyo cha sentimita 12.7 linaning'inia mita 4,850 kutoka melini. Lipunguze liwe tambi ya unene wa milimita 2: tambi hiyo ina urefu wa mita 76, na mwisho wake unatakiwa kutoboa jiwe. Juu, meli inapanda na kushuka na mawimbi.

Tatizo la kwanza ni kuanza. Kwenye sakafu ya kawaida mashapo hushika kekee, kichwa chenye meno cha kutobolea, wakati inaingia. Mita makumi kadhaa ya tope hufanya kazi ya mikono miwili iliyoshika msumari. Kwenye mwamba mtupu wenye mteremko, meno ya kekee yanateleza kuelekea chini, bomba linapinda, na ukiongeza uzito unavunja kitu. Unaanza kwa uzito mdogo na mzunguko wa polepole, unatoboa sentimita kwa sentimita hadi kishimo kianze kushika. Kisipokubali, unainua, unasogeza meli mita kadhaa, unaanza tena. U1415 ina mashimo 16, kutoka herufi A hadi P. Mengi ni majaribio ya mita chache. Mawili tu, J na P, yalipita mita 100.

Tatizo la pili ni kuta za shimo. Mwamba umepasukapasuka, na kila ufa ni jiwe linalosubiri kuanguka juu ya kekee. Jiwe likikwama kati ya bomba na ukuta, bomba halizunguki. Ukilazimisha, linakatika na kuacha chuma shimoni. Dawa ni kusafisha kwa maji mazito ya udongo, kurudia njia juu na chini, na mara nyingine kumwaga saruji ili ishike kuta, kisha kutoboa saruji yenyewe. Kila dawa inakula saa.

Kekee ya meno ya kuzunguka huchoka, na kuibadilisha maana yake ni kupandisha karibu kilomita 5 za bomba kipande kwa kipande, kuweka nyingine, na kushusha tena. Kabla ya kupandisha, faneli ya chuma hudondoshwa kwa kufuata bomba hadi ikae kwenye mdomo wa shimo, ili ukirudi na kamera uwe na shabaha pana kidogo. Faneli ikikaa upande kwenye mteremko, au ikifunikwa na vumbi la mwamba linalotoka shimoni, unaweza kutumia usiku mzima ukitafuta mdomo unaojua kabisa uko pale.

Tatizo la tatu linahusu sampuli zenyewe, na ndilo linalogusa hoja yetu. Miche ya mwamba inayopanda, yaani vipande vya mwamba vyenye umbo la mche vinavyokatwa na kekee, ina kipenyo cha sentimita 6 hivi. Mwamba uliopasuka unajifinya kwenye koo la kekee, kipande kimoja kinazunguka juu ya kingine, vinasagana na kuwa unga unaooshwa na maji. Kati ya kila mita 10 zilizotobolewa, zilizofika mezani zilikuwa chini ya theluthi. Vipande vinavyookoka ni vile vigumu visivyo na nyufa, kwa hiyo kisanduku cha miche kinaupendelea mwamba mzima kuliko mwamba uliovunjika. Ukisoma kisanduku bila kukumbuka hilo, utaandika kwamba ukanda wa ufa ni mwembamba kuliko ulivyo. Tena kuna miche ya mizimu: vipande vinavyoingia wakati unasafisha shimo, si wakati unachimba. Vimeanguka kutoka popote kwenye ukuta wa shimo. Kemia yake ni halali. Kina chake si halali, na hakipaswi kuwekwa kwenye mchoro wa kina hata kama kinajaza pengo linalokera.

Na shimo lenyewe liko ndani ya poromoko. Hapa sumaku ilikuwa na la kusema: mwinamo wa usumaku ulibadilika ghafla kutoka sehemu moja ya miche hadi nyingine, jambo ambalo ganda lisilovunjika haliwezi kufanya. Kekee ilikuwa imepita kwenye vipande vikubwa, vya mita makumi, vilivyozungushwa tofauti vikishuka mteremko. Tokeo hilo ni chungu kwa anayetaka kuchora gabro kutoka juu kwenda chini kwa mfululizo. Lakini halifuti kila kitu. Ndani ya kipande kimoja matabaka bado yana utaratibu wake, fuwele bado zinaelekeza kule zilikoelekeza. Umepoteza anwani ya nyumba. Vyumba vyake bado vimekamilika.

Gabro inasema nini

Chini ya mhimili wa Mgongo wa Pasifiki Mashariki kuna dimbwi jembamba la magma, kilomita 1 hadi 2 chini ya sakafu, lililoonekana kwa mitetemo tangu miaka ya 1980. Swali la muda mrefu: kilomita 4 au zaidi za gabro zilizo chini yake zimetoka wapi? Maelezo ya kwanza yanasema fuwele zote zinazaliwa kwenye dimbwi hilo la juu, kisha zinashuka na kutambaa pembeni kama barafu ya mlimani. Maelezo ya pili yanasema magma inaingia na kuganda pale pale chini, bamba juu ya bamba, kwenye vina vingi.

Miche ya U1415 ina gabro na ndugu yake troktoliti, zenye matabaka, zilizojaa madini ya olivini na plagioklesi, na kemia yake ni ya magma ambayo haijapoteza mengi kwa kuganda. Mwamba wa namna hiyo kwenye ganda la kasi ulikuwa haujachimbwa mahali pake pa bahari kabla ya hapo. Kuwepo kwake kina hicho kunaonyesha kwamba fuwele za mwanzo zilibaki chini, na kunapa nguvu maelezo ya pili, ingawa si lazima yawe kila kitu. Jambo lililoshangaza ni madini yaitwayo othopiroksini kutokea mapema, ndani ya mwamba ambao bado ni wa mwanzo hivyo. Magma ya kawaida ya mgongo wa bahari, ikiganda kimya kimya kwenye kina hiki, haitakiwi kutoa madini hayo mpaka baadaye sana. Maelezo yanayoelekea kuwa sahihi ni kwamba magma ilipenya katikati ya fuwele zilizoganda nusu na kujibizana nazo, ikala nyingine na kuacha nyingine. Magma nyingi za namna tofauti kidogo zilichanganyikana humo kabla ya kupanda. Lava inayofika juu imepita njia ndefu ya kupikwa upya.

Kichekesho kimejificha kwenye jina. Harry Hess, mwanajiolojia wa Princeton aliyeeleza mwaka 1962 kwamba sakafu ya bahari inatanuka, aliamini sehemu ya chini ya ganda ni mantili, yaani mwamba ulio chini ya ganda, iliyolowa maji na kugeuka serpentini. Ndani ya shimo lenye jina la Hess, sehemu hiyo ni gabro. Kwenye migongo ya polepole, kama ule wa katikati ya Atlantiki, wazo lake limepata mahali pa kuegemea zaidi, lakini si hapa.

Mantili yenyewe ipo Hess Deep. Safari ya uchimbaji ya 147, mwaka 1992–1993, ilichimba sehemu mbili kwenye tuta lililo ndani ya mpasuko: kituo 894 kilitoa gabro za juu, na kituo 895, kwenye mteremko wa kusini wa tuta hilo, kilitoa hazbajiti na duniti, mawe ya mantili. Lakini mahali gabro inapokutana na mantili, yaani mpaka wenyewe, haujashikwa kwa mkono hapa. Kati ya vituo hivyo kuna nyufa zinazoruka sehemu ya hadithi.

Anayetaka kuweka kidole kwenye mpaka huo hana budi kwenda nchi kavu, Oman. Kisima CM1 cha mradi wa uchimbaji wa Oman kiliupita kwa mche wa mita 400, na mtu wa Muscat anaweza kuendesha gari asubuhi akafika kwenye miamba ya Wadi Tayin kabla ya adhuhuri. Mwamba wa huko una umri wa miaka milioni 95 hivi na ulipandishwa nchi kavu na migongano ya mabamba, na kuna ubishi wa siku nyingi kama ulizaliwa kwenye mgongo wa kawaida wa bahari au juu ya bamba lililokuwa linazama. Moja ya hoja za upande wa pili imekuwa othopiroksini inayotokea mapema, kwa kuwa hupendelea magma yenye maji mengi. Sasa imepatikana kwenye gabro ya Hess Deep, kwenye mgongo ambao hakuna anayebishia asili yake. Kwa mtazamo wetu, madini hayo peke yake hayatoshi tena kuamua kesi ya Oman. Atakayeyatumia alete na kemia ya lava zilizo juu yake.